Seti ya T206 ni kadi ngapi?

T206 ni seti ya zamani ya kadi za wachezaji wa besiboli wa Marekani. Ikiwa kamili ni kadi 524, ila wengi wakisema "nimemaliza seti" wanamaanisha 520. Nne zinazoachwa ni Honus Wagner, Eddie Plank, Joe Doyle yenye maandishi "N.Y. Nat'l", na ile ya Sherry Magee iliyochapwa kimakosa "Magie". Bei zake hazishikiki, kwa hiyo kumdai mtu awe nazo ni kumwonea tu.

Ubishi kuhusu idadi unatokana na hili: American Tobacco Company, waliozitia kwenye paketi za sigara 1909 hadi 1911, hawakuzipa namba. Hata jina T206 si lao, alilitoa mkusanyaji Jefferson Burdick kwenye katalogi yake ya kadi miaka mingi baadaye. Mipaka ya seti imechorwa na wakusanyaji wenyewe. Mfano, kadi za sigara za Coupon za 1910 zina michoro na muundo uleule, lakini Burdick aliziweka kwenye seti nyingine, T213. Wapo wanaosema mahali pake ni T206, nami niko upande wao.

Angalizo: 524 ni hesabu ya upande wa mbele tu. Nyuma kuna matangazo ya chapa tofauti (Piedmont, Sweet Caporal, Polar Bear n.k.), na ukitaka kila mchezaji kwa kila tangazo lake unaingia kwenye maelfu. Kadi za besiboli za kampuni ya Topps za 1952 ni rahisi kidogo kuhesabu kwa sababu zina namba, 1 hadi 407, ingawa hata hizo 80 za mwanzo zilitoka kwa aina mbili, zenye maandishi mekundu nyuma na zenye meusi.