Waache wakusubiri: barua kwa mwanangu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na leo nimeamka kabla ya jua ili nikujibu nyumba ikiwa bado imetulia. Unasema umejiandikisha kwa triathloni yako ya kwanza, ile fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Nimefurahi mno. Lakini furaha yangu iliingia doa nilipofika ukurasa wa pili, pale unaposimulia mazoezi yako ya kwanza na kikundi. Ulitoka majini wa mwisho. Wenzako walikuwa wameshajifuta na kuvaa. Mmoja tu alikuwa bado yumo majini, amejilaza chali karibu na boya la mwisho, anakungoja. Ukaona aibu hata ukashindwa kumshukuru, na sasa unaniuliza: "Mama, hawa watu wanapata nini kwa kunisubiri? Si afadhali nijifue peke yangu kwanza, nikishakuwa na kasi ndiyo niende kwao?"

Hapana, mwanangu. Rudi wiki hii hii, na mwendo wako huo huo.

Nianze na la majini, kwa sababu halina mjadala. Vifo vingi vinavyotokea kwenye mashindano ya triathloni hutokea wakati wa kuogelea, na si vya wageni wa maji peke yao. Kwa hiyo kwenye maji ya wazi haogelei mtu peke yake, awe hodari namna gani. Yule aliyekungoja kando ya boya alikuwa kwenye zamu ya kumtazama mtu wa mwisho, na siku ile wa mwisho ulikuwa wewe.

Najua hukuuliza habari za usalama. Umeuliza wanapata nini. Basi ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Siku ya mashindano yangu ya kwanza ulikuwa bado mdogo. Nilirudi nyumbani na medali, ukaivaa shingoni, ukalala nayo. Ulijua nimemaliza. Hukujua nilimalizaje.

Honi ilipolia tuliingia majini watu wengi kwa mpigo. Mimi nilikuwa nimezoea bwawa, lenye mstari mweusi chini unaokuonyesha njia. Pale chini hapakuwa na mstari wala sakafu, maji ya kijani tu, na kila upande mikono na miguu ya watu. Mtu akanipiga teke la miwani, maji yakaingia jicho moja. Nikainua kichwa nivute pumzi, pumzi haikuja. Kifua kilikaza kana kwamba nimefungwa kamba. Boya la kwanza lilikuwa palepale mbele yangu, la rangi ya chungwa, nami nikaliona liko mbali kuliko nyumbani. Nikashika kayaki ya waokoaji. Hilo linaruhusiwa, ulikumbuke: unaweza kushika kayaki ukapumzika, mradi isikusogeze mbele. Nikamwambia kijana mwenye kasia kwamba natoka.

Kabla hajanijibu, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita alisimama. Alikuwa akiogelea mtindo wa chura, taratibu, na kofia yake ilikuwa ya rangi moja na yangu. Maana yake tulianza pamoja, na saa yake ilikuwa ikihesabu kama yangu. Hakuniambia nijikaze. Aliniambia, "Lala chali. Toa pumzi. Usiivute, itoe yote." Nikaitoa. "Tena." Nikaitoa tena. Kumbe muda wote ule nilikuwa nimeibana, ndiyo maana nyingine ilikosa pa kuingia. Ilipofika kama ya kumi, kifua kikaachia. Akasema, "Twende mpaka kwenye boya, halafu ndiyo uamue." Tulipofika kwenye boya hakuniuliza nimeamua nini. Alikata kona, nami nikakata kona nyuma yake.

Nilimwona tena kwenye sehemu ya kubadilishia, pale mtu anapotoka majini na kuchukua baiskeli, akisukuma baiskeli yake kwenda nje. Umri wake ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nyeusi kwenye shavu la mguu, kama tulivyoandikwa sote: 61. Baada ya mbio nilimtafuta nimshukuru. Nikamkuta ameinama anafungua kamba za viatu, na nilipoanza maneno yangu marefu ya shukrani alinikatiza kuuliza kama ile miwani bado inaingiza maji.

Huyo alipata nini? Alipoteza dakika tatu au nne ambazo hakuna aliyemrudishia. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na jibu langu ni kwamba mchezo wetu umetukataza karibu kila njia ya kusaidiana, ukatuachia chache tu, kubwa zikiwa kungoja na kusema. Mtu akiwa na njia chache hivyo za kumsaidia mwenzake, anazishika kwa mikono yote miwili.

Utakuja kuziona hizo kanuni. Katika mbio nyingi za ridhaa huruhusiwi kujibanza nyuma ya baiskeli ya mwenzako ili akukingie upepo. Lazima uache nafasi, na mwamuzi akikukamata unapewa adhabu. Unaweza kumpa mtu mwenye pancha tyubu au pampu yako, lakini si gurudumu lako, kwa sababu ukilitoa, wewe mwenyewe umekwisha. Na kumbeba mtu hairuhusiwi kabisa. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya triathloni kule Cozumel nchini Mexico, Jonny Brownlee wa Uingereza alikuwa anaongoza, akaishiwa nguvu kwa joto akiwa amebakiza chini ya kilomita moja, akaanza kuyumba kama mlevi. Kaka yake Alistair alimfikia, akamshika mkono begani, akamkokota mpaka mwisho na kumsukuma avuke mstari mbele yake. Henri Schoeman wa Afrika Kusini ndiye aliyeshinda. Dunia nzima ilishangilia wale ndugu wawili, nami nililia. Baadaye kanuni ikaandikwa wazi: mshindani akimsaidia mshindani mwenzake kusonga mbele kwa kumshika, wote wawili wanaondolewa. Sijawahi kuipenda kanuni hiyo, ingawa naielewa.

Hata hivyo, tangu mwanzo hakuna aliyewahi kumaliza kitu hiki peke yake. Ironman, ile triathloni ndefu, ya kwanza kabisa ilifanyika Hawaii tarehe 18 Februari 1978. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12, na kila mmoja alitakiwa aje na watu wake wa kumhudumia njiani. Kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha kukimbia 42.2: wazo lilitokana na ubishi wa marafiki kuhusu nani ana pumzi zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Siku hizi pale Hawaii wanaotangulia huwa wamemaliza mchana, na wa mwisho huja karibu na usiku wa manane, saa 17 baada ya kuanza. Ni desturi ya washindi kurudi, wameshaoga na kula, wakasimama mstarini kuwapokea wale wa mwisho. Miguu yao inauma kama ya wengine. Wanarudi tu.

Na hilo la kujifua peke yako upate kasi kwanza, hesabu yake haitoki. Mwaka 1898 mtafiti mmoja wa Marekani, Norman Triplett, alilinganisha muda wa waendesha baiskeli, akaona kwamba wanaokwenda na wenzao ni wepesi kuliko wanaoshindana na saa tu. Hiyo kasi unayotaka kuitafuta chumbani ipo kwenye kikundi.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma. Kuna siku niliongoza mazoezi ya baiskeli, na alikuja kijana mgeni mwenye baiskeli nzito ya gia chache. Tulipoanza akasema, "Msinijali, mimi nitafuata taratibu." Nami nikamchukulia kwa neno lake. Kilomita za kwanza nilitazama nyuma, nikamwona. Kisha upepo ukawa mzuri, tukanogewa, nikasahau. Tuligundua hayupo tulipofika pa kugeuzia. Tulimkuta amekaa pembeni ya barabara, cheni imekatika, mikono nyeusi kwa grisi mpaka viwikoni. Amejaribu kuiunga kwa jiwe. Alikuwa amekaa pale karibu saa nzima. Tulimwomba radhi, akatabasamu, akasema hamna shida. Hakurudi tena. Nilimpigia simu mara mbili, akaniambia atajifua kwanza peke yake, akiwa tayari atakuja.

Sasa unajua kwa nini maneno yako yalinishtua. Mtu akisema "msinijali", mara nyingi anaogopa kuchelewesha watu. Si kwamba anapenda kuachwa. Tangu siku ile tunahesabu vichwa kila njia panda, na mwenye miguu mizito kuliko wote habaki mkiani bila mtu wa kukaa naye. Kazi hiyo hupewa mwenye nguvu zaidi siku hiyo, na nimeona watu wakiigombea.

Usidhani pia kwamba wewe wa mwisho huna cha kutoa. Njia nyingi za mbio huenda na kurudi, kwa hiyo anayekuja nyuma hukutana uso kwa uso na kila aliye mbele yake. Wengine wanakuja wamekunja uso, wanapigana na mbavu zao. Inua mkono, ita namba ya mtu, au jina lake kama limeandikwa kifuani. Mimi nimewahi kuokolewa kwenye kilomita ya saba na msichana aliyekuwa kwenye ya tatu.

Lakini jifunze kusema. Kutia moyo ni kazi, nayo ina ufundi wake. Usimwambie mtu "umekaribia" kama hujui amebakiza kiasi gani. Hakuna neno linalokatisha tamaa kama hilo: unakaza ukiamini mwisho uko nyuma ya kona, unakata kona, unakuta barabara imenyooka hadi macho yanapoishia. Sema unachokijua. "Maji yako mbele, upande wa kulia." "Mlima unaisha pale kwenye mti." "Mabega yamepanda, yashushe." Usimwambie anayetembea kwamba anakimbia vizuri. Mwambie atembee mpaka kwenye nguzo ile, kisha ajaribu hatua ishirini, na kama una nafasi zihesabu naye.

Na ukimwona mtu anayumba, anajibu maneno yasiyoeleweka, au jua ni kali naye anasema anasikia baridi, usimpigie kelele akaze. Msimamishe, ita mtoa huduma ya kwanza, ukae naye mpaka wafike. Muda wako uache upotee. Nimeona umati ukimshangilia mwanamume mmoja aliyekuwa akizimia huku anakwenda, kila mtu akidhani anashuhudia ushujaa, na mpaka leo makofi yale yananikera.

Utaniuliza kuhusu ushindani, maana nakujua. Upo, na mtamu. Kuna mwenzangu wa kundi langu la umri ambaye tumepokezana kushinda na kushindwa kwa misimu tisa. Nikimwona mbele yangu, ile namba kwenye shavu la mguu wake hunivuta kama sumaku, na nikimpita sioni haya. Mwaka jana alipofanyiwa upasuaji wa goti, nilikwenda kumsaidia mazoezi yake ya kurudi kwenye baiskeli, dakika kumi, kisha kumi na tano, tukizunguka kiwanja kimoja mwendo wa kitoto. Alipopona akanishinda. Nilikasirika siku mbili, kwa dhati, na nikamkumbatia siku hiyo hiyo, kwa dhati vilevile.

Basi fanya hivi. Mazoezi yajayo mtafute yule aliyelala chali, umshukuru na umuulize jina. Mwambie ni boya gani linalokutia hofu. Waogeleaji wazoefu hupenda kuulizwa. Na usiombe radhi kila unapofika. Fika, vua miwani, kaa nao.

Siku ya mashindano nitakuja. Nimeshatazama ramani uliyonitumia. Nitasimama upande wa kushoto, pale penye uzio mweupe, na sitakuambia umekaribia. Nitakuambia zimebaki mita 800, kona moja, kisha kimteremko kidogo.

Mama yako.