Amiba anaogelea, anaelea au anatambaa?

Mama mmoja wa Igombe hapa Mwanza kaniuliza hivi: mwanae wa darasa la saba kaandika "amiba inaogelea kwenye maji", mwalimu kaikata kwa wino mwekundu akaandika juu yake "anaelea", sasa nani yuko sahihi?

Mama, mwalimu kapatia nusu, kwenye ile i- na a-. Amiba ni kiumbe hai, anakula, anakua, anazaana kwa kujigawa, kwa hiyo ni a- na wa- hata awe mdogo kiasi gani. Watu kibao wanaandika "viumbe hivi vya seli moja vinaogelea" kisa wameona vi- pale mwanzo, lakini we unakaa ziwani, umeshamsikia mvuvi gani akisema kiboko kinaogelea? Kinachochanganya ni kwamba seli ni "inagawanyika", alafu amiba mzima ndo hiyohiyo seli moja. Ukitaja seli fuata seli, ukimtaja mwenyewe fuata mwenyewe. Na viungo vyake vinabaki vitu: vakuoli, kile kifuko kilicho ndani yake, inakamua maji nje, manake maji yasiyo na chumvi kama haya ya ziwa yanamwingia mwilini muda wote na yasipotolewa atapasuka.

Sasa kitenzi, hapo mwalimu na mtoto wote wameteleza. Kuelea ni kubebwa na maji bila kujisukuma. Magugumaji yanaelea, gogo linaelea, na wahenga waliposema vyaelea vimeundwa walikuwa wanasema vyombo. Kuogelea ni kujipeleka mwenyewe majini. Amiba kwa kawaida anakuwa kashika jiwe au jani lililooza, ute wa mwili wake unachomoza mbele kama kidole, ndo ile miguu bandia, alafu mwili uliobaki unamiminikia humo, taratibu kweli. Kiswahili cha hapo ni kutambaa.

Anayeogelea ni paramesiamu, kiumbe mwingine wa seli moja. Huyu hata robo ya milimita anaweza asifike vizuri, mwili mzima umejaa silia, vinywele vinavyopiga maji kwa zamu kama wapiga kasia wengi kwenye mtumbwi mmoja, na ukimtazama kwenye hadubini anakwenda huku anajizungusha, akigonga kitu anarudi kinyumenyume, anageuka kidogo, anajaribu tena. Mi sichoki kumwangalia. Ila msiandike "anaserereka", nakutana nalo sana na linapotosha. Mtumbwi ukikaribia mwaloni hata ukiacha kupiga kasia unaserereka wenyewe mpaka mchangani, lakini kwa kiumbe mdogo hivo maji ni mazito kama sisi tungetumbukia kwenye asali, silia zikisimama na yeye kasimama hapohapo.

Mwani usiuweke kwenye a-, Kiswahili kinauchukua kama mmea, kwa hiyo ni unaelea, na ule wa kijanikijani unaotanda ufukweni siku maji yametulia kweli unaelea, una vifuko vya gesi ndani vinaupandisha juu. Ila kuna mwani wa seli moja wenye flajela mbili, vijimkia vyembamba kama mjeledi, unaojisukuma nazo mbele, na huo andika "unaogelea" bila wasiwasi.

Kwa hiyo mwambie mwanao arekebishe hivi: amiba anatambaa kwa miguu bandia. Hiyo i- aifute, na neno la mwalimu asilinakili.