Kwa Nini Uliumishwa Karatasi kwa Meno Mazima

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kwa nini daktari aliyekuziba gego la kushoto alikutaka kwanza uume karatasi ya buluu kwa meno mazima, tena kabla hajagusa lile bovu, ilhali ulimwendea kwa ajili ya jino moja tu. Alikuwa anapima, mwanangu, na alifanya vyema kupima mapema, kwa kuwa jino likishachongwa, alama zake za asili zimekwenda, na kinachobaki cha kulinganishia ni jinsi majirani zake wazima wanavyokutana.

Karatasi ile ina wino pande zote mbili, nao hubaki pale tu meno ya juu yanapogusana na ya chini. Usidhani doa kubwa ndilo lenye nguvu kubwa, maana mara nyingi ncha ndogo inayobeba mzigo mzito huacha kidoa kama cha kalamu. Ndiyo maana mimi niliamini zaidi kile kijikaratasi cha kung'aa chenye unene wa maikromita 8, chembamba kuliko unywele. Unakishika kwa kibano, unakiweka juu ya gego zima, mgonjwa anauma, nawe unakivuta taratibu. Kikikwama, meno yanagusana. Kikiteleza, kuna nafasi. Ukishaziba unarudia palepale, na kama gego jirani lililokuwa likikibana sasa linakiachia, basi ulichoziba kimezidi kimo.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimziba mama mmoja, nikamuuliza kama yuko sawa, akaitikia kwa kichwa huku nusu ya mdomo ingali na ganzi. Siku ya tatu alirudi ameshika shavu, hawezi kutafuna hata wali.

Umeuliza pia meno mazima yanapaswa kukutanaje. Mmarekani Edward Angle, daktari wa kunyoosha meno, aliandika mwaka 1899 kwamba ncha ya mbele, upande wa shavuni, ya gego la kwanza la juu hukaa katika mfereji wa gego la kwanza la chini, na mpaka leo madaktari wa meno huanzia hapo. Mwaka 1972 Lawrence Andrews, naye daktari wa kunyoosha meno, alieleza yale aliyoyaona yakifanana katika mifano ya plasta 120 ya meno mazuri ambayo hayakuwahi kunyooshwa, njia ninayoipenda kwa sababu aliyauliza meno mazima yenyewe. Mbele, meno ya juu huyatangulia ya chini kwa milimita 2 hadi 3 hivi. Siku hizi ipo pia filamu nyembamba inayounganishwa na kompyuta, nayo huonyesha ni jino lipi lililotangulia kugusa na kila upande umebeba sehemu gani ya nguvu.

Sasa, umesema gego hilo linatangulia kugusa hata leo, wiki moja baadaye. Usingoje lisagike lenyewe. Rudi kwa daktari huyo bila ganzi, na akishakupima ukiwa umelala, mwombe akupime tena umekaa wima, kwa sababu ukilala taya hurudi nyuma kidogo na alama husogea.

Wako akupendaye,
Mama