Hana ni Pua, Mimi ni Sikio: Kujifunza Majina ya Viungo vya Mwili kwa Kijapani

Nilipoanza kujifunza Kijapani niliandika majina 40 ya viungo vya mwili katika daftari, nikayakariri kutoka utosini hadi unyayoni, nikafaulu jaribio, na wiki mbili baadaye nikawa nimebakiwa na machache tu. Hayo machache yalibaki kwa sababu sauti zake nilikuwa nazo tangu utotoni, zikiwa na maana nyingine. Kwa Kijapani pua ni hana, sikio ni mimi, bega ni kata, na tumbo ni hara. Nilijitungia vijisentensi vya kuyashikia: hana pua, mimi nasikia, kata kitambaa cha bega, anayehara hushika tumbo. Anza na maneno ya namna hii, maana yatakupa moyo wa kuyaendea magumu zaidi.

Neno hana lastahili kukaliwa kwa muda mrefu. Mjapani anaposema "mimi" kwa ishara, huelekeza kidole cha shahada kwenye pua yake, ilhali sisi huweka mkono kifuani. Alama ya maandishi ya Kijapani 自, ambayo hutumika katika neno la "nafsi", asili yake ilikuwa mchoro wa pua, na hadi leo imekaa juu ya alama ya pua yenyewe, 鼻, inayoandikwa kwa mikwaju 14 ya kalamu. Tangu nilipolijua hilo sijawahi kuisahau alama hiyo, na ninapoiandika huanza na "nafsi" ndipo niteremke. Kuwa makini pia na kidatu cha sauti, yaani kupanda na kushuka kwake, kwa sababu hana ni ua la mmea vilevile. Kwa matamshi ya Tokyo maneno haya mawili yakisimama peke yake ni vigumu kuyatofautisha. Tofauti hudhihirika katika ga, kijineno kinachofuata kiima cha sentensi, ambacho hubaki juu ukitaja pua na hushuka ukitaja ua. Kwa hiyo usijifunze hana pekee, jifunze hana ga.

Tunaozungumza Kiswahili tuna nafuu nyingine ambayo vitabu vingi haviitaji. Neno ashi hubeba mguu mzima pamoja na wayo, kama mguu wetu, na kidole cha mguu huitwa ashi no yubi, yaani kidole cha mguu vilevile. Wingi haukusumbui pia: mimi ni sikio moja au mawili.

Niliyajua hayo yote, na bado nilikwama. Majira ya machipuko, wakati chavua ya miti ya sugi inapowasumbua watu wengi nchini Japani, nilikwenda kwenye zahanati nikiwa na pua iliyoziba. Mama wa mapokezi akaniambia kwa upole niende jibika. Nilimwomba arudie mara mbili, nisielewe, hadi alipoliandika neno hilo kwenye karatasi, nikaona alama ya sikio na alama ya pua zimekaa bega kwa bega. Zikiwa pamoja katika neno la kitabibu hazisomwi mimi na hana, husomwa ji na bi, na jibika ni idara ya masikio na pua. Tangu siku hiyo kila jina la kiungo naliandika na usomaji wake wa pili, hata kama sina haja nao bado.

Naomba pia usibaki kwenye majina. Kwa daktari, tumbo liite onaka, kwa kuwa hara lina ukali kidogo. Hana ga tsumatte imasu ni pua imeziba, na hanamizu ni kamasi, yaani maji ya pua. Misemo nayo husaidia kumbukumbu kuliko orodha yoyote: mwenye pua ndefu, hana ga takai, ni mwenye kujivunia jambo, na mwenye uso mpana, kao ga hiroi, ni anayejuana na watu wengi.

Daktari akishajua ni wapi panauma, atauliza panaumaje. Maumivu yanayopwita ni zukizuki, yanayochoma kama sindano ni chikuchiku, yanayowaka kama ngozi iliyoungua ni hirihiri. Mimi huyafanyia mazoezi nikigusa mahali penyewe kwa kidole: nikigusa jino nasema ha ga zukizuki shimasu, nikigusa koo nasema nodo ga hirihiri shimasu, kwa sauti, kila asubuhi mbele ya kioo kabla ya kunawa uso.