Jibu la msomaji: Majengo ipande juu, Utange ipumue

Wiki hii mmetuuliza: Mombasa inazidi kutanuka kuelekea Mtwapa, Mariakani na Ngombeni, tuiwekee mpaka, au tuujenge upya mji wa ndani? Mimi ni fundi bomba. Kazi zangu nyingi ziko Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, kwa hivyo huko kutanuka ndiko kunakonilisha, na bado jibu langu ni mji wa ndani, yaani kisiwa. Mpaka utachorwa na nani? Mtwapa na Mariakani ziko Kilifi, Ngombeni iko Kwale. Askari wa kaunti ya Mombasa hana amri huko, na magavana watatu kukaa meza moja wakakubaliana nani asijenge kwake, hilo tusilitegemee.

Tazameni kwanza hesabu ya watu. Sensa ya 2009 ilikuta watu 143,128 Mvita, yaani kisiwani. Ya 2019 ikakuta 154,171. Miaka kumi, nyongeza haifiki elfu kumi na mbili. Kisauni katika miaka hiyo hiyo ilitoka 194,065 ikafika 291,930, karibu laki nzima zaidi. Wako waliotoka bara na waliotoka Kilifi, sikatai. Lakini wengi ninaowafungia matangi ni watoto wa Majengo, Bondeni na Kaloleni, mitaa ya kisiwani, waliooa wakakosa chumba kwao, wakavuka daraja. Asubuhi wanavuka tena kurudi, maana bandari, hospitali kuu, maofisi na Marikiti viko kule kule walikozaliwa. Daraja la Nyali lilifunguliwa 1980, na mzigo linaoubeba saa moja asubuhi kila mtu wa Kiembeni anaujua.

Mkitaka kujua kutanuka kunagharimu nini, njooni mnikute Utange, huko huko Kisauni. Plot ni futi 50 kwa 100. Bomba la maji halijafika, na hata likifika huwa kavu, kwa hivyo mwenyewe anataka kisima. Bomba la maji taka halipo kabisa, kwa hivyo anataka shimo. Chini ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji hupita humo kama kwenye chujio. Kisima tunakiweka pembe hii, shimo tunalisukuma hadi pembe ile ya mbali, mwenyewe anaridhika. Sasa panda juu ya ukuta uchungulie kwa jirani. Naye amepiga hesabu hiyo hiyo, na shimo lake limeangukia hatua chache kutoka kisima chetu. Kila mtu amefuata utaratibu ndani ya plot yake, na wote wanaogea kitu kimoja. Ya kunywa wananunua kwa mitungi, kutoka kwa mkokoteni, na bei inategemea jua limekaaje siku hiyo.

Maji ya bomba yenyewe tunayaomba kwa majirani. Mombasa inayategemea ya Mzima kule Taita Taveta, ya Baricho kule Kilifi, ya Marere na Tiwi kule Kwale. Yanasafiri mbali kabla hayajafika kwenye mita. Kila tunapofungua mtaa mwingine mwishoni mwa laini tunaongeza kilomita za bomba la kuvuja na la kuibiwa. Familia mia moja zikikaa ghorofani Majengo, nazihudumia kwa mita mia chache za bomba. Familia hizo hizo zikitawanyika Utange na Majaoni, kazi hiyo hakuna kaunti itakayoimaliza.

Basi kwa nini kisiwa hakipandi juu? Wengi husema ni pesa. Mimi nasema ni ardhi, na hapa ndipo ningependa gazeti lenu lichimbe.

Ingieni nyumba yoyote ya Kiswahili kule Majengo. Mbele baraza, ukiingia ukumbi umenyooka hadi mlango wa nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko na choo. Kuta ni miti na udongo zilizopigwa plasta ya saruji juu, paa ni mabati. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Nyumba ni yake, ameirithi, anaweza hata kuiuza. Udongo ulio chini yake si wake. Analipa kodi ya kiwanja kila mwezi kwa mwenye ardhi. Nyumba bila ardhi, ndivyo tunavyoita, na sijui kama kuna mji mwingine Kenya wenye watu wengi hivi wanaoishi kwa mpango huu. Pwani tangu zamani mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na shamba la mwingine, kwa hivyo babu zetu hawakuona ajabu. Sheria ya mwaka 1908 ya kusajili ardhi ya Pwani ikaja ikamtambua aliyeweza kuleta ushahidi wake, na aliyeshindwa akabaki na nyumba juu ya ardhi ya mwingine.

Matokeo yake nayaona kwa mikono yangu. Mzee mmoja aliniita nimwekee choo cha ndani. Nikamwambia tuchimbe msingi mzuri, tumwage zege, siku za mbele apandishe ghorofa mbili kwa ajili ya wanawe. Akacheka. Masharti yake ni kujenga kitu kinachoweza kuondolewa. Akimwaga zege tu, anapata barua ya wakili. Benki nayo haimkopeshi, maana hana hati ya kuweka dhamana. Pesa alikuwa nazo! Miaka michache baadaye zikaenda kununua plot Mwembe Legeza, na mimi nikaitwa kuchimba shimo.

Mtasema serikali haiwezi kuingilia ardhi ya mtu. Imeshaingilia, tena hapa hapa. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, lilinunuliwa na serikali kutoka kwa mwenyewe, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati kwa waliokuwa wakiishi juu yake. Malalamiko yalikuwepo kuhusu malipo ambayo wakazi walitakiwa kurudisha, na nani aliorodheshwa na nani aliachwa, lakini njia ilionekana. Majengo ni kazi ndogo kuliko ile kwa ukubwa wa eneo, ingawa ina wenyewe wengi zaidi: hapa ukoo wenye warithi hamsini, pale wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini. Ardhi ya wakfu haiuzwi, na hakuna Mwislamu wa Mombasa atakayekubali iguswe, lakini inaweza kukodishwa kwa muda mrefu kwa masharti yaliyoandikwa. Kodi ya kiwanja inayokusanywa sasa ni ndogo mno, na nadhani warithi wengi wangefurahi kupata malipo ya maana au flati moja ya chini yenye hati yake. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu flati kuwa na hati peke yake.

Buxton, je? Najua mtaniuliza. Mtaa wa manispaa wa enzi za mkoloni, nyumba zaidi ya 500 zikavunjwa, mradi ukapangiwa zaidi ya 1,800. Kwa kutumia ardhi vizuri, siwezi kubisha. Ukipita pale kuelekea darajani unaona mwenyewe watu wangapi wanakaa mahali palipokuwa na nyumba na ua. Lakini nyumba ya kuuzwa inamtaka mtu mwenye mshahara wa benki au akiba nene. Mama wa maandazi aliyekuwa akilipa kodi ya manispaa hana hiki wala kile, na akitoka Buxton anakwenda wapi? Mshomoroni, na ukimkosa huko mtafute Utange. Ukiujenga mji wa ndani kwa namna inayomtoa mtu wa ndani, umeutanua zaidi. Halafu mitaa ya kaunti ni michache. Ikijengwa yote, nyumba bila ardhi zitabaki zimelala chini vilevile.

Mji wa Kale usiguswe. Ule ni wa kuhifadhiwa, na Fort Jesus iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011. Wanaoogopa maghorofa wana haki kule, si Majengo. Shimanzi na zile yadi za makasha zilizopungukiwa na kazi tangu reli ya kisasa ianze kuyabeba kwenda Nairobi, hizo nazo zitazamwe, ingawa yenye matangi ya mafuta jirani mimi nisingelaza mtoto wangu.

Kwa hivyo kaunti ichague mtaa mmoja Majengo, nyumba thelathini hivi, inunue au ikodishe ardhi yake, impe kila mwenye nyumba hati na mkopo, yeye mwenyewe ajenge ghorofa tatu au nne. Bomba la maji taka lifumuliwe kwanza, kabla ya tofali la kwanza, maana la sasa halitawabeba. Na wapangaji wasisahaulike: nyumba ya vyumba sita huwa na familia nne au tano za kupanga, nao ndio wa kwanza kusukumwa Kisauni. Mkopo uwe na sharti kwamba vyumba kadhaa vibaki vya kupangisha kwa mwezi, kwa kodi iliyokubaliwa mapema. Ujenzi uende kwa zamu, nyumba mbili tatu kwa wakati, ili walio kwenye nyumba inayovunjwa wahamie ya mlango wa tatu, mtaa ule ule, na watoto wasibadilishe shule wala madrasa.