Maswali ya Wasomaji: Chuma Kilichotoka Angani Hakipelekwi Kwenye Mizani

Tangu pete ya chuma yenye uzito wa takribani kilo 500 ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, tarehe 30 Desemba 2024, barua za wasomaji wa Dodoma na Singida kuhusu vyombo vya anga vinavyoharibika na kurudi duniani hazijakoma. Safari hii tunajibu nne. Tatu tumezifupisha, ya mfugaji wa Chemba tumeiacha ilivyo, kwa kuwa inauliza jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko mengine yote.

Ndugu Mhariri, ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari wilayani Kongwa. Mwezi Mei 2025 wanafunzi wangu walisikia redioni kuwa chombo cha Kisovieti kilichorushwa mwaka 1972 kinaanguka, lakini hakuna aliyeweza kusema kitaangukia bara gani. Wakaniuliza: wataalamu wanaotaja saa na dakika ya kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, wanashindwaje kujua chuma kitadondokea wapi kesho? Sikuwa na jibu la kuwatosheleza. — Mwalimu, Kongwa

Mwalimu, wapongeze wanafunzi wako, maana wamegusa kiini cha jambo lenyewe. Mwezi na Dunia husafiri mahali pasipo na hewa ya kuvizuia, ndiyo maana mwendo wao hukokotolewa kwa uhakika. Setilaiti inayozunguka kilomita mia kadhaa tu juu yetu haijatoka kabisa kwenye hewa. Hewa ya huko ni nyembamba mno, lakini chombo kinachoizunguka Dunia kila baada ya dakika 90 hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, hukwaruzana nayo mchana na usiku. Kila mzunguko hukishusha kidogo, na kadiri kinavyoshuka ndivyo kinavyokutana na hewa nzito zaidi, mpaka siku za mwisho kinapoteremka kwa kasi.

Ugumu ni kwamba hewa hiyo ya juu haitulii. Jua linapochachamaa, huipasha moto, ikafura na kupanda, na setilaiti ikajikuta ndani ya hewa nzito kuliko ya wiki iliyotangulia. Hicho ndicho kilichokiponza kituo cha anga cha Marekani kiitwacho Skylab, chenye uzito wa tani 77, kilichorushwa Mei 1973. Wenyewe walitumaini kingesubiri juu hadi chombo kipya kiweze kwenda kukiinua, lakini Jua lilichangamka kuliko walivyokadiria, nacho kikaanguka tarehe 11 Julai 1979, vipande vyake vikatawanyika kwenye Bahari ya Hindi na katika eneo la Esperance, magharibi mwa Australia.

Jambo la pili unaweza kuwaonyesha darasani kwa ungo. Udondoshe ukiwa umelala, kisha udondoshe ukiwa umesimama kwa ukingo wake, waone tofauti. Setilaiti nzima hushikilia mkao wake. Setilaiti mbovu hubiringika, mara inaipa hewa ubavu, mara inaipa kichwa, na hakuna anayejua saa ijayo itakuwa imekaaje. Sasa wape hesabu: ukikosea muda wa kuanguka kwa saa moja tu, umekosea mahali kwa kilomita 28,000, ilhali mzingo wa Dunia nzima ni kilomita 40,000. Hata siku moja kabla ya kuanguka, makadirio huwa bado yanaweza kukosea kwa saa kadhaa. Chombo mlichokisikia, Kosmos 482, kilianguka tarehe 10 Mei 2025. Kilikuwa kimetengenezwa kishuke kwenye sayari ya Zuhura, kwa hiyo kiliundwa kwa ugumu wa kuhimili joto, na hilo ndilo lililowatia watu wasiwasi.

Wanafunzi wasidhani kwamba kila chombo huanguka kiholela. Chombo ambacho bado kinatii amri na kimebakiwa na mafuta huwashiwa injini mahali palipochaguliwa ili kidondokee kusini mwa Bahari ya Pasifiki, mbali na makazi yoyote, kama kituo cha anga cha Urusi, Mir, kilivyofanyiwa tarehe 23 Machi 2001. Tunachokizungumzia hapa ni kile kilichokufa masikio.

Je, Dodoma tuko hatarini kuliko wengine? Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na setilaiti nyingi hupita juu ya mstari wetu, lakini huukatiza upesi. Muda mrefu zaidi huutumia karibu na kingo za njia zake, kaskazini na kusini zaidi ya hapa. Isitoshe, sehemu kubwa ya Dunia ni maji. Mwaka 1997 mwanamke mmoja wa Tulsa, Marekani, aliguswa begani na kipande chepesi cha roketi na hakuumia, na hadi leo hakuna kifo kilichothibitishwa cha mtu aliyepigwa ardhini na mabaki ya chombo cha anga.

Kama setilaiti imeharibika na inashuka, kwa nini isitunguliwe kwa kombora kabla haijatufikia? — Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma

Imewahi kufanyika. Setilaiti ya upelelezi ya Marekani, USA-193, ilirushwa Desemba 2006 na ikakata mawasiliano muda mfupi baadaye, tangi lake likiwa bado limejaa takribani kilo 450 za haidrazini, mafuta yenye sumu kali. Mwezi Februari 2008 meli ya kivita USS Lake Erie, ikiwa katika Pasifiki, iliitungua kwa kombora ikiwa kwenye kimo cha kilomita 247 hivi. Serikali ya Marekani ilisema imefanya hivyo ili tangi lisifike ardhini likiwa zima. Wapo walioshuku kuwa ilikuwa pia nafasi ya kujaribu silaha.

Zingatia kimo hicho. Vipande vya chini namna ile hushushwa na hewa ndani ya muda mfupi. Mwaka mmoja kabla, Januari 2007, China iliipiga setilaiti yake ya zamani ya hali ya hewa kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 800, na vipande zaidi ya 3,000 vikahesabiwa, vingi vikaendelea kuzunguka miaka mingi baadaye, kila kimoja kikiwa tishio kwa setilaiti nzima. Kwa hiyo mimi naona kuitungua setilaiti ya kawaida ni kuongeza madhara. Sehemu kubwa yake ingeungua yenyewe: chombo huvunjika kikiwa kama kilomita 80 juu, na kinachofika chini huwa kati ya asilimia 10 na 40 ya uzito wake.

Setilaiti inayoleta picha kwenye dishi letu ikizeeka, nayo itatuangukia? — Mama wa watoto watatu, Kizota

Hapana, Mama. Hiyo ipo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako hakuna hewa ya kuishusha. Ikizeeka, wenyewe huisukuma juu zaidi kama kilomita 300 ili iwapishe nyingine, nayo hubaki huko.

Ndugu Mhariri, salamu sana. Mimi ni mfugaji wa Chemba. Vijana wetu wakichunga porini huokota kila chuma wanachokiona na kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na pikipiki. Nimesikia kwamba vyuma vya angani vinaweza kuwa na sumu. Tutavitambuaje, na kijana akikuta kitu kama hicho afanye nini? Na je, kikiniulia ng'ombe au kikibomoa tembe langu, nimdai nani? — Mfugaji, Chemba

Shikamoo, Mzee. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nilipomaliza nilikwenda kwenye uwanja mmoja wa vyuma chakavu hapa mjini Dodoma nikajionee. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye mti wa kibanda. Kijana mmoja alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, amekibana kwa miguu kifaa cha mgandamizo cha friji, anakipasua kwa tindo na nyundo ili atoe shaba iliyo ndani, na mafuta meusi yakimtiririkia kwenye ndala. Mwenziwe alikuwa na sumaku iliyofungwa kamba: kikinasa ni chuma cha kawaida, kisiponasa bei yake inapanda. Hakuna aliyevaa glavu. Walifanya kazi kwa bidii na kwa haraka, na nikaondoka na hofu.

Hofu yangu ni hii, Mzee. Katika setilaiti, vitu vinavyoweza kufika ardhini bila kuungua mara nyingi ni matangi ya mafuta na ya gesi, kwa sababu mengi hutengenezwa kwa titani, madini yanayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,600, wakati alumini huyeyuka kwenye 660 tu. Titani ni nyepesi, ni ngumu na haikamatwi na sumaku. Kwa maneno mengine, kitu ambacho kijana wako hapaswi kabisa kukigusa ndicho kitakachoonekana pale kwenye mizani kuwa mali safi.

Mwaka 2011 tufe la namna hiyo liliokotwa kaskazini mwa Namibia: kipenyo chake kilikuwa sentimeta 35, uzito wake kilo 6, yaani kitu ambacho mtoto wa miaka kumi anaweza kukibeba hadi nyumbani. Tazameni basi umbo la mviringo kama mpira au kama mtungi usio na kitako, wenye tundu dogo la bomba, uliobadilika rangi kwa moto. Matangi mengine hufungwa kwa nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi, zikichanika zinafanana na gunia lililoungua. Nyuzi hizo huchoma ngozi kama upupu, na vumbi lake si la kuvutwa puani.

Mara nyingi tangi hupasuka kwa joto na kufika likiwa tupu. Lakini aliyeliokota hana namna ya kujua. Haidrazini ikibaki ndani, hata kidogo, huunguza ngozi, macho na mapafu, na hudhuru ini. Harufu yake inakaribiana na ile ya mkojo uliochacha ndani ya zizi lililofungwa. Ninaitaja ili mtu akiisikia aondoke mbio, wala si ili asogee anuse, kwa sababu anayeisikia tayari ameivuta.

Vyombo vyenye nyuklia ni vichache sana, ila vimekuwapo. Kosmos 954 ya Muungano wa Kisovieti ilianguka kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari 1978 ikiwa na mtambo wa nyuklia, na eneo la kilomita za mraba 124,000 likapekuliwa kutafuta vipande vyake. Mionzi haina harufu wala rangi. Na kuhusu vyuma chakavu nitakupa mfano mmoja usiotoka angani, kwa kuwa unahusu mikono ileile: mjini Goiânia, Brazili, Septemba 1987, waokota vyuma waliibomoa mashine ya matibabu iliyotelekezwa, wakauza kasha lake, na unga wenye mionzi, uliong'aa samawati, uliokuwamo ukagawanywa kwa ndugu na majirani kama pambo. Watu wanne walikufa.

Kijana akikuta kitu kama hicho, asikiguse, asikigonge, asikimwagie maji wala asikifukie. Awaondoe ng'ombe na watoto, arudi upande upepo unakotokea, aweke alama ya mbali kama kitambaa juu ya mti, kisha aje kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wawaarifu polisi, ambao simu yao ya dharura ni 112. Wenye vifaa vya kupima mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, na wenye utaalamu wa kemikali ni Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wao ndio watakaosema kama kitu ni salama. Kama alikwisha kukigusa, anawe kwa maji mengi na sabuni, avue nguo alizovaa, apelekwe kituo cha afya na aeleze alichokishika, asifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Hapo ninawaomba wazee mtusaidie: kijana anayejua kwamba atapigwa hatasema.

Tena kitu hicho si mali ya aliyekiokota. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 kuhusu anga za juu unasema chombo kinabaki kuwa mali ya mwenyewe popote kitakapoangukia, kwa hiyo kukiuza ni kuuza cha mtu.

Kuhusu ng'ombe na tembe lako, upo mkataba mwingine wa mwaka 1972 unaosema kuwa nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa hasara iliyotokea ardhini, bila aliyeathirika kulazimika kuthibitisha uzembe. Madai hayo hupelekwa na serikali kwa serikali, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja tangu hasara itokee, hivyo wewe utaanzia kijijini na wilayani. Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 kwa ajili ya Kosmos 954, na mwaka 1981 ikakubali kulipwa milioni 3. Wewe nawe utahitaji ushahidi: picha zilizopigwa kwa mbali kabla kitu hakijaondolewa, siku na saa kilipoanguka, majina ya walioona, na kwa ng'ombe, taarifa ya maandishi ya ofisa mifugo aliyeukagua mzoga kabla haujazikwa. Mwombe mtendaji agonge muhuri kwenye nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine uitunze mwenyewe.