Siku ngapi Disney World na watoto wa miaka 4 na 7?

Dada, siku tatu ulizopanga hazitoshi kumaliza bustani zote nne za burudani za Disney World kule Orlando, na wala usijaribu. Magic Kingdom ipe siku mbili. Ndiko kwenye michezo mingi ya umri wao, na yule mdogo atahitaji kurudi hotelini mchana alale. Siku ya tatu nendeni Animal Kingdom, mfike asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Epcot iacheni safari hii, kuna kutembea kwingi mno.

Katikati ongezeni siku ya nne, ya kuogelea tu hotelini. Kwangu hiyo ni muhimu kuliko tiketi ya ziada, maana mtoto akichoka halii peke yake, familia nzima inalia.

Kabla hujawaahidi chochote, wapime urefu: treni ya kasi ya Space Mountain inataka sentimita 112, na ile ya Seven Dwarfs Mine Train 97. Na kwa kuwa mnakwenda Julai, bebeni makoti ya mvua. Alasiri za Florida huja na radi, na michezo ya nje husimamishwa mpaka zipite.